Sweta la Damu ya Mzee

Jumatatu, 6 Desemba 1976

Mwanaheri amefaulu! Msichana mmoja tu kutoka kijiji chetu chote, na ni wa kwetu. Mjukuu wa marehemu dada yangu. Dada aliolewa na Mwislamu, mimi nilibatizwa na mapadre, lakini lukolo ni moja, ukoo wa mama haugawanyiki. Na mkubwa wa ukoo aliyebaki ni nani? Ni mimi, Stefano.

Barua imepanda na lori la kabichi. Sekondari ya wasichana, huko nyanda za juu, mbali, baridi kuliko hapa kwetu Mgeta. Selemani, baba wa mtoto, ambaye ni karani wa kijiji, akaisoma kwa sauti. Nikamwambia nipe. Nikaisoma tena mwenyewe, kwa kidole, wote wamesimama. Ilichukua muda. Wacha ichukue! Cheti changu cha kisomo kinaning'inia ukutani, sikukiokota njiani.

Orodha ndefu. Shuka mbili, ndoo, jembe. Sweta moja, rangi ya damu ya mzee, shingo ya V. Na chini yake: asiye na sare kamili hatapokelewa. Kuripoti tarehe 6 Januari. Maana yake hapa anaondoka tarehe 5.

Selemani kasema sweta atanunua mjini. Nikasema hununui. Mtoto huyu anakwenda na jina la ukoo wa mama yake, sweta atafuma mjomba. Mwaisha, mpwa wangu, mama wa mtoto, kauliza, "Mjomba, sweta zima?" Nikamwambia hata mawili.

Wakatazamana. Nadhani walishangaa.

Kufuma nilijifunza vitani. Nilikuwa Keya, askari wa Mwingereza, Burma, nikapigwa goti, nikalala hospitali miezi mitano. Nesi akanipa sindano mbili na uzi ili niache kugombana na wagonjwa. Nikawapita wote wodini! Soksi zangu alivaa mpaka sajini. (Sweta sijafuma. Lakini mkono wa sweta ni nini? Soksi isiyo na kisigino.)


Jumatano, 8 Desemba

Nimerudi. Goti linauma, sijali!

Nilishuka na lori la asubuhi, nimekaa juu ya kabichi. Mjini moja kwa moja kwa Bibi Rashida, mke wa Mehboob mwenye duka la vitambaa. Nilimbebea kikapu cha mapichi. Nikasema nataka uzi wa sweta. Kauliza nani anafuma. Nikasema unayemwona. Akawaita mabinti zake kutoka ndani waje wanione! Nikasimama wima wakanitazama vizuri.

Anacho kitabu cha masweta, cha Kiingereza. Akawa anasoma, anageuza kwa Kiswahili, mimi naandika. Mkono umeniuma kuliko kulima. Karatasi mbili, pande zote! Nimeandika hivi: pindo la chini, sindano namba kumi, vitanzi tisini na nane, inchi tatu. Kisha mwili, sindano namba nane. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi nane, mabonge kumi na sita.

Hapo mambo yakagoma. Damu ya mzee anayo, lakini uzi ni mwembamba, wa nyuzi nne. Wa nyuzi nane hajauona tangu mwaka jana. Kasema, "Pole mzee, uzi na karatasi havipatani. Ukifuma huu mtoto atavaa wavu wa samaki."

Nikamwambia, "Mama, nne na nne ni ngapi?"

Nikachukua bonge mkono huu, bonge mkono huu, nikazitoa nyuzi mbili zikaenda pamoja kama askari wawili wa zamu. Nane! Akazishika, akazisokota kwa vidole, akasema, "Wewe mzee una akili." Mbele ya mabinti! Nimesikia kwa masikio yangu mawili.

Mabonge yapo manane tu. Mengine shemeji yake atatafuta Dar. Mlangoni alisema mambo mengine. Nifume kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja, nikipime kwa rula, vitanzi ishirini na viwili vijae inchi nne. Nikasema ndiyo, ndiyo. Uzi wenyewe haba, nikachezee vipande! Kauliza sindano ninazo? Nikasema ninazo, za chuma. Basi.


Ijumaa, 10 Desemba

Nimeanza!

Sindano zangu jozi mbili. Nyembamba ni spoki za baiskeli. Nene ni spoki za pikipiki ya padre, ile iliyotumbukia mtoni. Nimezisugua kwenye jiwe mpaka zinateleza kama hariri. Karatasi yasema namba kumi kwa pindo, nane kwa mwili. Kumi ni kubwa kuliko nane, hilo tulisoma hatua ya kwanza kabisa. Kwa hiyo nene pindo, nyembamba mwili. Mtu asiyesoma angebahatisha.

Vitanzi nimehesabu mara tatu. 98, 97, 98. Nimefuata kura nyingi.

Nakaa barazani, kila mtu anaona. Wanawake wakirudi shamba la ujamaa walisimama na majembe yao. Mmoja kasema, "Babu, ukimaliza kufuma utatusaidia na kunyonyesha?" Nikamwambia leta huyo mtoto, akishiba kwangu hatarudi kwako. Walicheka mpaka wakaketi.

Mwanaheri alikuja kupimwa mabega na mikono. "Babu, mbona unanipima kwa kamba ya mbuzi?" Nikasema mbuzi hajalalamika.


Jumapili, 12 Desemba

Pindo tayari. Sasa mwili. Mgumu! Sindano nyembamba zinalia, uzi hautaki kupita, kidole cha shahada kimetoka lengelenge. Lakini kitambaa kimeshikana kama ubao. Upepo hautapita hapa. Wala mvua. Nesi angeniona leo!


Jumatano, 15 Desemba

Nimemaliza mgongo wote. Nikawaita. Nikautandika mkekani.

Haukulala. Umesimama wenyewe.

Chini mpana, umefunguka, juu mwembamba, mgumu. Selemani akaukagua kwa mikono nyuma kama bwana shamba. Kasema, "Mjomba, hili ni sweta au kengele ya misheni?" Mwaisha kajiziba mdomo kwa kanga. Mwanaheri akaushika mgongoni kwake, hauzibi hata mbavu. "Babu, juu nitavaa, chini nitafuga kuku."

Nikasema karatasi imekosea. Nikasema Bibi Rashida kageuza vibaya. Nikasema Kiingereza chenyewe hakina adabu. Selemani kasema, taratibu sana, na hiyo taratibu yake ndiyo iliyoniudhi, kwamba zimebaki wiki tatu, Jumatatu atashuka mjini akanunue. Nikasema nenda! Nani kakushika?

Walipoondoka nilichukua rula ya kisomo. Vitanzi ishirini na viwili, inchi mbili na nusu. Nimepima mara tatu. Safari hii hakuna kura, zote zimesema mbili na nusu.

Sijamwambia mtu.


Alhamisi, 16 Desemba

Leo ni siku kubwa! Niandike polepole nisisahau.

Nilikwenda kwa Maneno, fundi baiskeli, pale njia panda. Maneno ni Mnyamwezi, mtani wetu, kwa hiyo matusi ni bure. Nilitaka anisugulie sindano, nilidhani kosa ni ncha. Kaona spoki, kaona karatasi, kaniuliza, "Mluguru, hizi nyembamba unaziita namba ngapi?"

"Nane."

"Na hizi nene?"

"Kumi."

Akaweka nyundo chini. Akacheka, wateja wawili wakageuka. Akatoa kisahani cha chuma chenye mapengo pembeni, kila pengo na namba yake, ndicho anachopimia waya. Akachukua spoki ya baiskeli, akajaribu pengo moja moja. Imekaa sawasawa kwenye namba kumi na nne. Kumi na nne! Akachukua ya pikipiki. Namba kumi. Kisha akanionyesha pengo la namba nane. Pana kuliko yote mawili!

Nikamwambia kisahani chako kimekosewa. Kasema, "Kisahani kimetoka kiwandani, kichwa chako kimetoka migombani. Tukiamini kipi?" Nikamwambia Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya watu mpaka shingo ikaingia kifuani hawezi kumfundisha Mluguru hesabu. Kasema shingo imeingia, lakini macho yapo nje. Tukaendelea hivyo kitambo, raha tupu.

Halafu akanieleza vizuri. Waya unavutwa kwenye tundu. Kila ukivutwa unakonda. Uliovutwa mara nane bado una mwili. Uliovutwa mara kumi na nne umekwisha. Ni kama mtu anayezungushwa maofisini kutafuta kibali. Aliyepita ofisi nane bado ana mashavu. Aliyepita kumi na nne suruali inamvuka!

Nikaelewa hapohapo. Mimi nikielezwa vizuri ninaelewa kabla hujamaliza.

Sasa tazama. Karatasi haikukosea. Bibi Rashida hakukosea. Spoki za pikipiki, zile nene zangu, ndizo namba kumi, ni za pindo. Za mwili ni nene zaidi, na sina! Maneno akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi na keria ya baiskeli iliyovunjika. Akapima vyuma vyake. Namba nane! Akakata viwili, akanoa ncha, akapaka grisi, akafuta. Hakutaka kitu. Kasema malipo yake ni kunisikia nikisema nilikosea.

Nikasema namba zilikosea. Kaikubali hiyo nusu.


Ijumaa, 17 Desemba

Nimefumua. Siku tano za kufuma zimekwisha kabla chai haijapoa.

Uzi umetoka umejikunja kama nywele za mtoto. Nimeulowesha, nimeutundika kambani na jiwe chini unyooke. Anayepita anauliza, mzee unakausha matumbo ya nini? Sijibu.


Jumatatu, 20 Desemba

Selemani amerudi kutoka mjini jioni hii, matope mpaka magotini. Hakuna sweta. Kazunguka maduka yote, la ushirika, ya Wahindi, ya Waarabu, soko lote. Damu ya mzee hakuna, kijani hakuna, hata jeupe hakuna. Wazazi wengine wanahangaika vilevile. Mmoja katoka Turiani anatafuta kwa siku tatu.

Kaniamkia upya, "Shikamoo mjomba," kama vile hatukuonana asubuhi. Kaketi chini. "Mjomba, tumebaki na wewe."

Hapo ndipo nilipotaka wafike! Tangu mwanzo! Lakini mbona nikaanza kuhesabu siku.

Katoa mabonge manane kutoka kwa Bibi Rashida, yale ya Dar. Nikayaweka kando ya yangu. Mwaisha akaanza kulia kabla sijasema kitu. Yangu yamekolea, kama damu iliyokauka. Ya Dar ni mekundu, yana uhai, kama mvinyo wa padre. Yote yameandikwa rangi moja, namba moja! Selemani kasema labda mgongo uwe huu na kifua kiwe huu. Mwanaheri kasema, kwa sauti ndogo, "Nitaonekana kama nimeungwa."

Mabonge manane ya rangi moja hayatoshi sweta. Mabonge kumi na sita ya rangi mbili si sare. Siku kumi na sita zimebaki. Na mimi ndiye niliyesema hununui.


Jumanne, 21 Desemba

NIMEPATA! NIMEPATA!

Nilikuwa nakunywa uji. Natazama tu uzi. Nikakumbuka kwamba mimi sifumi kwa uzi mmoja, nafuma kwa nyuzi mbili. Nne na nne. Sasa kwa nini nne zote mbili zitoke kabila moja? Mmoja wa hapa, mmoja wa Dar! Kila kitanzi kina wote wawili, kuanzia pindo mpaka shingo. Hakuna mgongo wa huku na kifua cha huku. Rangi moja mpya, ya tatu!

Uji nimeuacha, kuku wameunywa.

Nimefuma kipande cha kiganja. Ndiyo, kipande. Nimeamua mwenyewe. Rangi? Ukiwa karibu sana unaona chembechembe, ukirudi hatua mbili ni damu ya mzee halisi, yenyewe kabisa, tena ina kina. Nikamwita Mwaisha. Akakipeleka juani, akakipeleka kivulini. Akanipigia magoti, na mimi nikamwambia inuka, nani kafa? Lakini nilifurahi.

Rula. Keria za Maneno. Vitanzi ishirini na viwili. Inchi nne.

Inchi nne juu ya mstari! Ningekuwa na bunduki ningepiga hewani.


Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Pindo la mgongo limekwisha siku ya kwanza, mwili umefika kwapani. Kitambaa laini, kinavutika, kinarudi. Nimefuma na kanisani, benchi la nyuma, chini ya koti. Padre alipohubiri habari ya nguo za kitoto za Bwana nikajua ananisema mimi. Baada ya misa akaja. Nikadhani atanikaripia. Kauliza, "Mzee, hizo si spoki za pikipiki yangu?"

Nikasema Heri ya Noeli, Padre.


Ijumaa, 31 Desemba

Mgongo tayari. Kifua tayari na V yake, imegawanyika katikati kitanzi kwa kitanzi, sijakosea hata kimoja. Viwili. Nimerudi nikavirekebisha.

Wale wanawake wa majembe sasa hawacheki. Wanaleta ndizi. Wanauliza leo umefika wapi, mzee. Mmoja anataka nimfumie kofia ya mtoto, nikamwambia kuna foleni.

Mwanaheri anakaa na mimi mchana, anakunjua mabonge ili nyuzi zisikabane. Hasemi sana siku hizi. Leo kasema, "Babu, wale wa mjini watakuja na masweta ya dukani."

Nikasema na wewe utakuja na la Stefano.

Kasema, "Wakicheka?"

Nikamwambia mimi wamenicheka mwezi mzima, unaniona nimepungua? Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, kasema, "Kidogo." Mtoto huyu ana ulimi wa ukoo wetu! Kisha akauliza kama Burma niliogopa. Nikaanza kumweleza jinsi nilivyowaongoza wenzangu mtoni. Nikaiacha hiyo. Nikamwambia ndiyo, niliogopa, siku ya kwanza nilijificha chooni, na koplo akanikuta. Sijui kwa nini nimemwambia. Hilo sijamwambia hata marehemu mke wangu.

Hakucheka. Aliendelea kukunjua uzi.


Jumapili, 2 Januari 1977

Mkono wa kulia tayari. Wa kushoto umefika kwenye kiwiko. Soksi zisizo na kisigino, nilisema! Mvua haikatiki. Wanasema barabara ya kushuka imeanza kumeguka pale kwenye kona. Macho yanatoa machozi, si kwa huzuni, ni moshi wa jikoni. Selemani kaniletea miwani ya marehemu baba yake. Nikaikataa. Alipotoka nikaijaribu. Loo! Vitanzi vinaonekana kama pete.

Nimeivua. Nitaivaa nikiwa peke yangu.


Jumanne, 4 Januari

Vipande vyote vimeshonwa. Ukosi wa V umefungwa. Saa kumi jioni. Sweta kamili!

Nyumba imejaa. Maneno kapanda kutoka njia panda, amevaa shati safi, anasema kaja kuona keria yake inakwenda shule. Mwanaheri akaingiza mkono mmoja, mkono wa pili. Mikono imemkaa! Mwili nao upana unatosha! Akainua apitishe kichwa.

Hakikupita.

Kavuta. Mwaisha kavuta. Yumo ndani, sauti inatoka, "Babu, nimenaswa." Watu wanataka kucheka, wananitazama mimi, hawacheki, na hiyo ni mbaya zaidi. Kumbe wakati wa kufunga vitanzi vya ukosi nilivikaza kama mzigo wa kabichi. Niliogopa visifumuke. Mkono wangu mzito. Nimekaza vitanzi vyote kuzunguka shingo, hakuna hata kimoja chenye pumzi.

Maneno kasema tukate kichwa, sweta ni zuri. Hapo wakacheka, na mimi nikacheka, namshukuru.

Nimeanza kufumua ukosi tu. Unagoma. Nimefunga vizuri mno, ndilo tatizo langu. Lori linaondoka alfajiri.


Jumatano, 5 Januari

Naandika njiani. Nimekaa juu ya jiwe, lori limezama kwenye kona ile ile, wanaume wote wanasukuma, Selemani yuko matopeni mpaka kiunoni. Mimi sikubaki nyumbani kuwaaga, nimepanda nao. Mwaisha kasema, "Mjomba, goti lako." Nikasema goti halifumi. Basi la kwenda nyanda za juu linaondoka Morogoro saa nane. Sasa saa tatu na kitu.

Ukosi niliumaliza kufumua lori lilipokuwa linapita Mzinga. Hapana, kabla ya hapo, Mzinga bado hatujafika. Nimechanganyikiwa. Niliokota vitanzi upya, miwani nimeivaa mbele ya watu wote. Nikaanza kufuma. Lori linaruka. Kwenye shimo moja sindano ikachomoka, vitanzi kumi na tano vikaanguka, vikaanza kukimbia kushuka kifuani. Vinakimbia mbele ya macho yangu! Nikavishika kwa kidole gumba, sikuweza kuviokota. Kila nikiokota kimoja viwili vinateremka.

Mwanaheri kasema, "Babu, lete."

Nikasema hujui. Kasema, "Nimekutazama mwezi mzima." Nikasema kutazama si kufuma. Hakubishana. Alingoja tu, mkono wazi. Lori likaruka tena.

Nikampa.

Ameviokota vyote kumi na tano. Kimoja kimoja, kwa ncha, ulimi umetokeza pembeni. Sasa anafunga ukosi, amekaa kwenye jani la mgomba kando ya lori, matope yanaruka pande zote, hayamfikii. Anashika uzi vibaya. Kidole chake hakiko pale nilipofundishwa mimi. Na vitanzi vyake vimelegea, vina pumzi, vinavutika. Nilifungua mdomo niseme legeza. Kumbe ndivyo vilivyo tayari.

Nimehesabu kwa macho. Vimebaki sitini na viwili. Sasa hamsini na tisa. Hajanitazama hata mara moja.

Wamepiga kelele! Lori limetoka! Dereva hataki kulizima, anapiga honi, kila mtu apande linavyotembea polepole. Mwanaheri amesharuka juu, sweta kwapani, sindano zimetokeza. Mimi ndiye bado. Anapiga kelele, Babu, weka daftari, panda! Ameinama ananinyooshea mkono anivute. Wa kushoto! Tangu lini mtu mzima akapewa mkono wa kushoto? Wa kulia umeshika vitanzi, hauwezi kuviachia. Naweka kalamu, nakwenda kuushika huohuo wa kushoto.